Ingia, Pakia, Acha

Niliwafundisha vijana wa Kasulu judo bila kukubali kuangushwa na hata mmoja wao. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanidhania mwalimu mzuri aliyepatwa na bahati mbaya. Bahati haikuhusika.

Judo niliijulia jeshini, Dar es Salaam, nikiwa kijana niliyemaliza kidato cha nne na kukosa pengine pa kwenda. Nilistaafu nikarudi nyumbani na mkanda mweusi uliokwisha kupauka, na nyonga ya kulia iliyoniuma asubuhi za baridi. Kwetu asubuhi nyingi ni za baridi. Mkanda niliutundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akiketi lazima auone. Habari ya nyonga sikumwambia mtu, hata mke wangu, ambaye alidhani naamka taratibu kwa sababu ya uzee tu.

Mwaka 2012 mfanyabiashara mmoja wa mjini aliniazima ghala lake la maharage. Alikuwa Mwislamu ambaye baba yake alitoka Tanga, mtu wa utani, na alipenda kuweka kiti mlangoni pa ghala na kikombe chake cha kahawa atazame mazoezi kama watu wengine wanavyotazama mpira. Aliniita Afande. Sikuwa na cheo cha kuitwa hivyo jeshini, lakini sikumsahihisha.

Mkeka tuliutengeneza wenyewe. Tulipiga fremu ya mbao, tukajaza magunia kwa maranda kutoka kwa wapasua mbao, tukayapanga yabanane, juu tukavuta turubai mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma. Jaketi alitushonea fundi wa sokoni kwa kitambaa kizito cha kaki, kola akaipiga cherehani mara nyingi isichanike. Vijana walipopata jaketi hizo walitembea nazo mjini. Wengine walizivaa hata kwenda kuchota maji.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu asiye wa huku anaweza kulipita bila kuliona. Kwetu Buha, kijana akikutana na mtu mzima hapungi mkono kama anayesimamisha basi. Anainama, anapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito na ya chini, huku akiuliza habari za nyumbani, za shamba, za waliolala na walioamka. Mtu mzima anajibu bila haraka. Wageni huicheka salamu hii kwa urefu wake. Mimi naipenda hadi leo. Na kwa kuwa judo nayo huanza kwa kuinama na kuisha kwa kuinama, niliona vimeumbwa pamoja. Nikawaambia vijana wangu: mkiinama kwenye mkeka, pigeni na makofi, kama nyumbani. Walifurahi. Yule mfanyabiashara alisema, "Afande, umewapa Wajapani adabu."

Ningeishia hapo, pasingekuwa na cha kuandika. Lakini heshima niliisogeza hatua moja mbele. Niliweka sheria kwamba aliye mdogo hamwangushi aliye mkubwa, na mkubwa wa wote ghalani nilikuwa mimi.

Mtu anayejifunza kutupa hurudia kuingia. Anashika kola na mkono wa mwenzake, anageuka, anakunja magoti, anamvuta mpaka kifua cha mwenzake kinalala mgongoni pake. Tukaita kupakia. Ukipakia vizuri, miguu ya mtu inaachana na mkeka bila wewe kutumia nguvu nyingi. Zoezi hilo lipo kila mahali na halina ubaya. Ila kwingine, akishaingia mara kadhaa, mwanafunzi anamalizia: anatupa, na mwalimu anaanguka chini mbele ya wote, anainuka, anasema, "Tena." Kwangu hakuna aliyemalizia. Nilisimama katikati ya mkeka wakaja mmoja mmoja, nami nikaita: "Ingia. Pakia. Acha." Kwenye "acha" walinirudisha chini polepole, wakarudi nyuma, wakainama, wakapiga makofi.

Wao kwa wao sheria sikuisimamia sana, niliwaruhusu kutupana. Lakini vijana ni wepesi kuona mwalimu anapenda nini. Baada ya muda, mdogo akimpata kakaye wa mtaani mgongoni, alimshusha kama anayeshusha mtungi wenye maji. Niliona. Nikaita ni adabu, na nikamsifu mwenye kuifanya.

Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa binti mmoja wa Kumsenga, kule Kibondo. Alikuwa amefeli kidato cha nne akaja kuishi kwa shangazi yake, aliyekuwa akiuza unga wa mhogo karibu na soko la Kasulu. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya mihogo mikavu kutoka kwenye malori hadi mashineni. Siku ya kwanza alipoingia ghalani nilimwonyesha namna ya kugeuka, akageuka, nikajikuta juu. Nimekuwa kwenye mikeka sehemu kubwa ya maisha yangu na sijaona kiuno kinachoingia chini ya mtu namna ile. Ulikuwa unahisi kama ngazi imeondolewa chini ya miguu yako.

Nikasema, "Acha." Akaacha.

Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote ghalani. Maana yake ni kwamba kila aliyeshikana naye alikuwa mkubwa wake. Wengine angalau walikuwa na wadogo wa kuwatupa. Yeye hakuwa na mtu. Jioni baada ya jioni, mwili wake ulijifunza nusu ya kwanza ya kutupa vizuri kuliko mtu yeyote mkoani, na nusu ya pili haukuijua kabisa. Hilo nalieleza leo kwa urahisi. Wakati ule niliona binti mwenye kipaji na nidhamu, na nilijivuna.

Jumapili moja mwaka 2013 alikuja mtu kutoka kambi ya Nyarugusu. Alikuwa Mkongo wa makamo, mwembamba, aliyepata kibali cha kuja mjini kuuza sabuni. Alisikia kishindo cha watu wakianguka, akaacha beseni lake mlangoni miguuni pa mfanyabiashara, akavua viatu.

"Papa, naweza kuingia?"

"Unajua judo?" nikamuuliza.

"Kidogo. Ku kwetu nilikuwaka mwalimu ya batoto."

Nilimpa jaketi. Alifunga mkanda bila kuutazama, nikajua kwamba "kidogo" ilikuwa heshima tu. Alitazama mazoezi kwa muda, amechuchumaa pembeni. Kisha akamwita yule binti, kwa namna Wakongo wanavyomwita hata mtoto wa kike mdogo.

"Mama, kuya. Unitupe."

Binti akainama, akapiga makofi, akaingia, akampakia. Akasimama. Yule mtu akaning'inia mgongoni pake kama mtoto aliyefungwa kitenge.

"Sasa tunangoja nini?" akauliza kutoka kule juu. "Gari imeharibika?"

Ghala zima likacheka. Binti akageuza shingo kunitafuta mimi.

"Usiangalie mzee," Mkongo akamwambia. "Mzee haiko ku mgongo yako. Ni miye niko."

Binti akatupa. Yule mtu alipita hewani akapiga turubai kwa mkono wake wote, vumbi la maranda likatoka kwenye mishono, kishindo kikajaa ghalani. Kabla vumbi halijatulia alikuwa amesimama. "Tena," akasema. Akatupwa. "Tena." Alikuwa mtu mzima, ana mvi, na alikuwa akiangushwa na msichana mbeba mihogo mbele ya nusu ya soko, na kila alipoinuka alikuwa na furaha zaidi. Nilimtazama binti usoni. Miezi yote ile nilikuwa nimemwona mwenye bidii, mwenye adabu, mwenye nguvu. Sikuwa nimemwona akicheka.

Kisha Mkongo akanigeukia, bila ubaya wowote. "Papa, na weye? Unaangukaka siku gani?"

Mfanyabiashara akadakia toka mlangoni. "Huyu haanguki. Siku akianguka itabidi tuite winchi ya Manyovu, ile inayonyanyua malori."

Walicheka tena, na ulikuwa utani wa kawaida. Ningeweza kucheka nao, nikamwambia binti aje, nikaanguka. Mwili ulikumbuka kuanguka. Kilichokuwa kichwani mwangu ni nyonga, na baada ya nyonga, picha ya watu wawili wakinishika makwapa kuniinua huku mji unatazama.

Nikamwambia yule mtu, "Hapa si kambini. Hapa tuna adabu."

Hakuna aliyecheka hapo. Alivua jaketi akalikunja vizuri, kola juu. Alipokuwa akivaa viatu alisema kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia, "Huyu mtoto anasimamaka mu njia, Papa. Niruhusu nikuye kila siku ya Mungu, Jumapili sawa leo, aniangushe. Sitaomba kitu."

Nilimwambia tutaona. Alielewa maana yake. Akachukua beseni lake la sabuni, na hakurudi.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, likaja tangazo la mchujo utakaofanyika Kibondo. Mshindi wa kila uzito angekwenda kambi ya mazoezi Dar es Salaam, na tuliojua mambo hayo tulijua kwamba wanaofika kambi ile mara nyingi huchukuliwa kwenye vikosi vyenye timu, wakapata ajira. Shangazi wa binti alinifuata nyumbani, akapiga makofi yake ya salamu mpaka mwisho, ndipo akasema alichojia.

"Mwalimu, baba yake amempa mpaka mvua za kupandia. Kama hajapata kitu huku, anarudi Kumsenga kulima na kulea wadogo zake. Mama yao hawezi tena kuinama. Wewe unaonaje, atapata?"

"Atapata," nikasema. Na niliamini.

Tulisafiri na mfanyabiashara kwa lori lake, lililokuwa likipeleka saruji. Barabara ilikuwa vumbi jekundu mwanzo hadi mwisho, tukafika Kibondo tumekuwa rangi moja sote. Asubuhi ya mchujo, binti alikwenda bombani kunawa akamkuta mwanamke kutoka Kigoma mjini, mama mtu mzima kidogo, mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Akamwinamia, akampigia makofi ya salamu. Yule mama akamshika shavu. "Mwanangu, mnaishije kwenye baridi hii?" Wakaongea kuhusu baridi na bei ya dagaa. Nilikuwa nimesimama karibu nao nikipiga mswaki, na nilifurahi kuona mwanafunzi wangu anavyojua kuamkia watu.

Alishinda mapambano yake ya mwanzo kwa kuwavuta wenzake chini na kuwakandamiza, maana mchezo wa kulala chini sikuwahi kuuitia "acha". Pambano la mwisho lilikuwa na yule mama wa bombani.

Sitalirefusha. Walishikana, yule mama akasukuma, na binti akaingia. Aliingia kama siku ya kwanza, ngazi ikaondolewa, na miguu ya yule mama ikawa hewani yote miwili. Niliiona kutoka pembeni. Ukumbi wote uliiona, watu walianza kuinuka. Kilichobaki ni kuinamisha bega tu.

Akasimama.

Haikuwa muda mrefu. Kwa mtu asiyejua mchezo isingeonekana kitu. Lakini niliona magoti yake yakianza kujikunja polepole, ili kumrudisha mtu chini salama, kama nilivyomfundisha. Yule mama alipata mkeka kwa vidole vya mguu, akazama, akamzungushia mkono kiunoni, akamrusha nyuma. Binti akapiga mkeka kwa mgongo mzima. Mwamuzi akanyoosha mkono juu. Huo ni ushindi kamili na pambano linaishia hapo.

Yule mama mwenyewe alionekana kushangaa. Alimwinua binti, akamkumbatia.

Mchaguaji wa timu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinijia na kalamu mkononi. Alikuwa amesikitika kweli. "Mzee wangu, huyu binti ana kiuno ambacho sijaona. Nilikuwa nimeshamwandika. Nani alimfundisha kusimama pale?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Angelipata, huenda angesema: basi kosa ni la mwalimu, linarekebishika, tumchukue. Sijui. Huenda asingesema hivyo. Lakini nilikuwa na nafasi ya kumpa, na watu walikuwa wamesimama karibu, wenzangu wa Kibondo, dereva wetu, mfanyabiashara.

Nikasema, "Ana woga. Nimemwambia mara nyingi."

Kijana akatikisa kichwa. "Woga ni vigumu kuutibu," akasema, na akaenda zake.

Binti alikuwa nyuma yangu, anafungua mkanda. Nilipogeuka alikuwa ameuinamia, anaukunja, na hakuinua macho.

Wakati wa kurudi yeye alipanda nyuma na mimi nikakaa mbele na dereva na mfanyabiashara. Pale Makere tulisimama kununua mahindi ya kuchoma. Nikampelekea moja. Alilipokea kwa mikono miwili, akainama kadiri nafasi ilivyomruhusu juu ya lori. "Asante, babu." Nadhani ningependa zaidi kama angelitupa barabarani.

Mvua za kupandia ziliponyesha akarudi Kumsenga. Shangazi yake hakuja kuniaga wala kunilaumu. Aliendelea kuniuzia unga, akinipimia vizuri kama siku zote. Ghalani vijana walianza kupungua. Sikubadilisha sheria mara moja, maana kubadilisha kungekuwa kukiri. Nilifundisha miezi mingine nikiita "acha" kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo, mpaka siku moja nikaacha kuita kabisa, nikawa naketi kwenye kiti karibu na mfanyabiashara tukinywa kahawa, huku vijana wakifanya wanavyojua. Yeye naye alipunguza utani. Siku moja aliniambia, akitazama kikombe, "Yule binti hakuwa mwoga, Afande." Nikasema najua.

Niliuliza habari za yule Mkongo. Niliambiwa amekwisha kusafirishwa na familia yake kwenda ng'ambo, kuishi huko. Kwa hiyo hata pa kupeleka samahani sikupata.

Mwaka 2015 watu wengi walivuka kutoka Burundi, mabasi yakapita yamejaa kuelekea kambini. Mfanyabiashara alilihitaji ghala lake, maana maharage yalikuwa yanatafutwa sana. Tulibandua turubai tukampa mama mmoja mwenye watoto wadogo aliyekuwa anaelekea kambini. Yakabaki magunia machache ya maranda kwenye kona moja.

Mwaka huo huo nilimwona binti sokoni. Alikuwa amekuja kuuza maharage ya kwao. Alikuwa amekonda usoni na kupanuka mikono. Aliniona kwanza yeye, akaweka ndoo chini, akapiga makofi.

"Mwakeye, babu."

Nilimjibu salamu yote, ya nyumbani na ya shamba na ya mama yake. Kisha nikamwomba anifuate ghalani. Alikuja kwa sababu mtu mzima alimwita. Sidhani palikuwa na sababu nyingine.

Nilikuwa na jaketi langu la zamani limetundikwa kwenye msumari. Nikalivaa juu ya shati. Nikapanga magunia kwenye kona, manne au matano, nikasimama mbele yake.

"Nitupe."

Akavua kandambili, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akainama. Aliposhika kola yangu mikono yake ilikuwa migumu kama gome. Akaingia. Bado alikuwa nayo. Nyumba nzima iliondoka chini ya miguu yangu, na nikawa juu ya mgongo wake, shavu langu karibu na sikio lake. Nikangoja kutupwa. Nilikuwa tayari kwa nyonga, kwa kicheko, kwa chochote.

Akasimama.

"Tupa," nikamwambia.

"Oya, babu," akakataa.

"Nakuomba. Tupa."

"Siwezi," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Nikifika hapa mwili unaacha. Hata gunia nikilibeba sasa, nalishusha hivyo hivyo. Wadogo zangu wananicheka."

Magoti yake yakajikunja polepole. Alinishusha juu ya magunia, mgongo kwanza, kisha kichwa, mkono wake chini ya shingo yangu, kama anavyolazwa mgonjwa. Halafu akarudi nyuma.

"Kibondo sikuwa na woga," akasema.

"Najua."

"Uliwaambia nina woga. Dereva alilifikisha nyumbani. Baba hulisema bado, akiwa amekunywa."

"Nilisema uongo," nikamwambia nikiwa nimelala chali. "Nitakuja Kumsenga nimweleze."

"Njoo," akasema. "Lakini usije na mkanda."

Akavaa kandambili zake, akainama, akapiga makofi mpaka mwisho bila kukatisha hata kofi moja, akaenda kuchukua ndoo yake. Nilimsikia akimsalimia mfanyabiashara mlangoni, naye akimjibu.

Mimi nilibaki nimelala pale aliponiweka. Maranda yalikuwa yamekauka na kushikamana, magumu kidogo, lakini nyonga ilikuwa imetulia. Hakuna mahali paliponiuma. Aliniweka chini vizuri mno, kama nilivyotaka miaka yote.